Nilivyokaa Upande Kutoka Kasoli Hadi Mwanza

Wenzangu, tangu nirudi mkono ukiwa umefungwa kifuani, kila anayepita mzanini ananiuliza kulikoni. Wengine wanauliza kwa mdomo, wengine kwa macho. Najua pia linalosemwa kilabuni, kwamba Masunga alifika hospitali, akaiona sindano, akakimbia. Sikukimbia. Lakini kilichotokea hakinipi sifa kuliko hicho, kwa hiyo nimeona niwaandikie safari yote mara moja, kipande kwa kipande, niache kujibu mmoja mmoja.

Kasoli hadi Bariadi

Mnajua kwamba Kabula, mke wangu, alilazwa Mwanza kwa uvimbe wa tumboni. Jumatano asubuhi kondakta mmoja wa basi la kutoka Mwanza alishuka na barua yangu mkononi. Shemeji aliyekuwa akimwuguza ameandika kwamba operesheni ni kesho, na madaktari wanataka ndugu wawili wa kuchangia damu, la sivyo hawamgusi. Shemeji mwenyewe ananyonyesha, wamemkataa. Tuliobaki ni mimi na mama yake Kabula, ambaye kwa bahati alikuwa ametoka kwao Ipililo na kufikia kwa kaka yake pale Bariadi mjini.

Basi la kwenda Mwanza lilikuwa limeshaondoka. Nikawa nimesimama pale chama chetu cha msingi cha ushirika na karatasi yangu, sijui nianzie wapi, ndipo likaja gari dogo jeupe la mtumba wa Japani, maandishi ya kwao bado yako mlangoni. Lilikuwa la ile kampuni mpya ya kununua pamba, iliyoweka mzani wake hatua mia mbili kutoka mzani wetu mara tu soko lilipofunguliwa na kila mtu akaambiwa ruksa. Dereva akashuka, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi.

"Kaka, nasikia una mgonjwa Mwanza. Mie naenda huko leo. Nafasi mbili zipo. Karibu."

Mimi nimepima pamba miaka kumi na sita. Nimekuta mawe katikati ya gunia, nimekuta mchanga, nimekuta pamba iliyonyweshwa maji usiku ili iwe nzito, na kila mara aliyeleta gunia hilo ndiye aliyenisalimu kwa uchangamfu kuliko wenzake. Kwa hiyo mtu akinichekea, nachungulia gunia. Nikamwuliza nani kamwambia habari za mgonjwa wangu. Akasema mji mzima unajua. Nikamwuliza nauli. Akasema hakuna nauli, ni msaada tu. Hapo ndipo nilipopata uhakika kwamba kuna jambo. Siku ile ilikuwa siku ya kupokea pamba, foleni ya mikokoteni imefika barabarani. Ukitaka pamba yote iende mzani wa pili, unafanyaje? Unamwondoa mpima wa mzani wa kwanza, tena kwa upole, kwa msaada.

Lakini mke ni mke. Nikamwachia katibu funguo za mzani, nikaingia.

Kiti cha nyuma upande wa dereva na nyuma yake kulijazwa magunia matupu ya kampuni hadi juu, kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Nikakaa mbele, ukingoni, kama ninavyokaa popote nisipopaamini. Dereva, ambaye jina lake ni Salehe na kwao ni Tanga, hakuwasha gari. Alinitazama kwanza, tena kwa kugeuza kifua kizima.

"Sivyo, kaka. Makalio yarudi nyuma kabisa. Mgongo uguse kiti. Magoti yasigusane na hapo mbele." Akavuta kitu chini, kiti kikarudi nyuma nami juu yake, nikashtuka. "Sasa mkanda. Huu upite kwenye nyonga, usipite tumboni. Huu wa juu uvuke bega, usikae shingoni."

"Wa nini?"

"Wa usalama."

Magari niliyozoea ni malori ya pamba, na huko usalama wako ni kushika chuma. Sijawahi kufungwa kitini na mtu. Milango nayo ikalia *klak* yote kwa pamoja, yenyewe, bila mtu kuigusa. Nikakumbuka basi mazungumzo yote niliyokulia nayo kuhusu mumiani: gari geni, dereva wa pwani, mwenye upole. Na sisi hao tumeitwa kwenda kutoa damu! Nilijisema moyoni kwamba hizo ni hadithi za kutishia watoto. Kisha nikaupitisha ule mkanda nyuma ya mgongo wangu, nikauchomeka ulie, ili aridhike aache kelele, na mkono wangu wa kushoto ukabaki kwenye kitasa cha mlango.

Bariadi hadi Lamadi

Mama mkwe alikuwa ameshaketi kibarazani kwa kaka yake, kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani. Baada ya kupata habari hakutaka hata chai. Salehe akamwamkia shikamoo, yeye akamjibu kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka", kisha akaniona na mara akaangalia ukuta. Mimi nikaangalia mbuzi.

Kwa ninyi mliohamia Kasoli kikazi, nieleze kidogo. Huyu kwangu ni bukwi. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai kiti kimoja, hawali mbele ya macho ya mwenzake. Si ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe, na nimeitunza miaka kumi na minne, njia ikiwa nyembamba mmoja anaingia shambani mwenzake apite. Sasa tumeingizwa sote kwenye kijumba cha bati cha hatua tatu.

Yeye akakaa nyuma yangu, sehemu pekee iliyobaki. Nikaona ni afadhali, hanioni simwoni. Salehe akaanza mahubiri yake ya makalio na mgongo. Nilitegemea mama atakataa kushikwashikwa na mkanda, lakini alirudi nyuma, akanyoosha mgongo, akainua mikono.

"Nifunge," alimwambia. "Nakwenda kumpa mwanangu damu. Ukiniambia nikae kwa kichwa nitakaa."

Tukaondoka. Hata hatujamaliza nyumba za Bariadi, nikatupa macho kwenye kile kioo cha pembeni, upande wangu, na mle ndani nikakutana na uso wa mama mkwe, mzima, macho kwa macho. Tulishtuka wote wawili. Nilisikia akijifunika kanga.

Nikageuka. Kwa kuwa upande wa kushoto kulikuwa na kioo, niligeukia kulia, magoti yakaelekea kwenye gia, uso ukamwelekea Salehe. Nikakaa hivyo kilomita kwa kilomita kwenye barabara ile ya vumbi na makorongo, nyonga moja juu ya kiti na nyingine hewani. Akawa naye hana raha.

"Kaka, mbona wanitazama?"

"Sikutazami."

"Wanitazama tangu Bariadi."

Ningeweza kumwambia. Maneno mawili tu: yule mkwe wangu. Lakini nilimwona na yeye kila baada ya muda mfupi anapeleka macho kwenye kile kioo cha kushoto, halafu cha kulia, halafu cha kushoto tena, kichwa hakitikisiki, macho tu yanatembea. Nani anaendesha hivyo? Nikaona anatuchunga. Na mtu anayekuchunga humpi habari za nyumbani kwako.

Katikati ya njia gurudumu likapasuka. Wazee wawili waliokuwa wakichunga ng'ombe walikuja kutusaidia kuinua gari, wakauliza tunakwenda wapi, na mmoja aliposikia ni habari ya damu aliangalia shati la Salehe, akaangalia magunia, akaninong'oneza Kisukuma kwamba nikague kilichomo chini ya magunia hayo. Nilikagua. Palikuwa na magunia mengine. Sikuridhika hata hivyo, kwa kuwa gunia la chini ndilo la kuaminiwa kidogo zaidi. Tulipoteza karibu saa mbili pale, jua likiwa kali, mama kajitenga kivulini mbali na mimi, na Salehe akinitazama mimi, kisha yeye, kisha akialika ulimi.

Lamadi

Lamadi tulifikia kwa mamalishe, karibu na magari ya samaki. Sato wa kukaanga walikuwa wanatoka jikoni, ugali wa moto, na njaa ilikuwa imenishika vibaya. Salehe akaagiza sahani tatu, akavuta viti vitatu, akakaa katikati kama mwenyekiti. Mama mkwe akabaki ndani ya gari. Mimi nikachukua sahani yangu, nikaenda kula nyuma ya jiko, nimesimama, kati ya ndoo na kuku.

Akanifuata.

"Kaka Masunga, nisamehe, mie si wa kwenu. Lakini nyie mmekosana?"

"Hatujakosana."

"Yule mama haneni nawe. Wewe hutaki kumwona. Mgonjwa ni mmoja, mtaingiaje wodini hivi? Nenda mwombe radhi, bwana. Mzazi haombwi radhi akakataa."

Eti nikamwombe radhi! Angejua kwamba hapo nilipo, na miiba ya samaki nikitemea kuku, ndiyo nampa mama yule heshima yake yote. Nikajibu kwamba ya ukoo hayamhusu. Akainua mikono, akaondoka, na baadaye nilimwona anampelekea mama sahani dirishani, akimbembeleza na kumwambia kwamba vijana wana hasira lakini moyo wangu ni mzuri. Nilichukia. Nikaona sasa anataka kuingia kati yangu na wakwe zangu, ajue siri zetu, kisha aseme kwenye kampuni yake.

Alipokwenda kunawa, nilirudi kwenye gari kwa kuzunguka mbele. Nyonga ya kulia ilikuwa inawaka moto, shingo imekakamaa. Sikuweza kukaa vile tena. Nikanyoosha mkono, nikakibinya kile kioo cha pembeni kikageukia nje kidogo, kikawa kinaonyesha majani ya barabarani na si uso wa mtu. Nyuma yangu nilisikia mama akikohoa kidogo, kikohozi cha kushukuru. Niliona nimefanya jambo la busara kuliko yote ya siku ile.

Lamadi hadi Magu

Kwenye lami nikageukia upande wa mlango, nyonga ya pili nayo ipate zamu. Miguu niliikunja juu ya kiti. Mkanda uko nyuma ya mgongo kama awali. Salehe akanisihi tena mara mbili nikae vizuri, nikajifanya nimesinzia.

Lami ile ilikuwa imejaa mashimo, na kila dereva alikuwa akienda upande wenye nafuu. Salehe alikuwa amehamia kulia kukwepa mashimo, njia iko tupu, ndipo basi likachomoza mbele yetu kwenye mwinuko, linapiga honi. Alitakiwa kurudi kushoto. Honi ilinigeuza shingo, nikamwona akipeleka macho kwenye kioo cha kushoto. Kioo kilimwonyesha majani. Akarudi kushoto.

Na kushoto, pembeni yetu kabisa, palikuwa na pikapu ya samaki iliyokuwa ikitupita.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka Salehe akisema "Ya Rabi", gari likasimama kwa kishindo, na mimi sikusimama nalo. Bega lilipiga mbele, kichwa kikapiga kioo, kisha nikajikuta chini ya dashibodi na damu inanitiririka machoni. Basi likapita. Pikapu ilikuwa imesimama mtaroni na samaki wametapakaa kwenye nyasi.

Salehe hakuwa na jeraha. Nyuma, mama mkwe alikuwa amekaa vilevile alivyofungwa Bariadi, mgongo kitini, mkanda nyongani. Kanga tu ilikuwa imemwanguka kichwani. Alipiga kelele kwa Kisukuma kwamba mkwe wake anakufa. Watu wa pikapu walitushukia na matusi, walipoona damu wakayaacha, wakanibeba. Kila waliposhika mkono wangu wa kulia niliona giza, maana mfupa wa bega ulikuwa umevunjika.

Salehe akawa anazunguka gari lake akiongea peke yake. "Nilitazama. Wallahi nilitazama. Hapakuwa na kitu." Na kila alipotaka kunitazama mimi pale chini, aligeuka mwili mzima, miguu, kiuno, kifua. Ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu asubuhi. Shingo ya mtu yule haigeuki.

Magu hadi Mwanza

Magu walinishona kichwa nyuzi saba na kunifunga mkono. Shuka waliyonilaza ilibidi waibadilishe kwa ile damu. Nikamwuliza Salehe habari za shingo. Alijibu bila hamu, kana kwamba anaulizwa habari za mtu mwingine.

"Lori, Segera. Nilikuwa abiria, nimelala nimekunja miguu kitini, mkanda sikufunga. Kama wewe tu. Tangu hapo natazama kwa vioo."

Niliona aibu hadi masikioni, na bado sikumwambia. Gari lilikuwa limebonyea ubavu lakini linatembea. Safari hii niliweka makalio nyuma bila kuambiwa. Yeye mwenyewe alinipitishia mkanda polepole chini ya mkono uliovunjika, akaweka gunia lililokunjwa ili usinikate. Halafu akashuka kurekebisha kioo cha kushoto. Alikishika muda mrefu, akikitikisa kuona kama kimelegea. Hakikuwa kimelegea.

 Tuliingia Mwanza mjini jua likizama.

Hospitali

Alhamisi saa moja asubuhi tulikuwa dirishani kwa watu wa damu, mama mkwe benchi la kule, mimi benchi la huku. Walianza na yeye. Wakampima, wakamkubali, akaingia akatoka na pamba mkononi. Nikaingia mimi. Muuguzi alivuta kope yangu ya chini, akatazama bandeji, akaniuliza hayo ni ya lini.

"Jana."

"Baba, wewe damu yako umeshaimwaga. Toka hapo. Mwingine yupo?"

Nilibishana naye. Nilimwambia nina nguvu, nilimwambia miaka kumi na sita nimebeba magunia. Nilisimama nimwonyeshe, ukuta ukazunguka, wakanikalisha. Akasema kwamba daktari haanzi na chupa moja, na kama hakuna wa pili basi mgonjwa arudishwe wodini asubiri zamu nyingine, na uvimbe ule si wa kusubiri. Nilitoka nje, nikalia. Naandika hivyo hivyo, nililia, hadharani, mbele ya watu na mbele ya bukwi wangu.

Salehe alikuwa bado yupo koridoni. Alitakiwa awe kwenye kampuni yake anaeleza habari ya ubavu wa gari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja mkono wa lile shati.

"Lazima awe ndugu?" alimwuliza muuguzi.

"Awe mzima tu. Aina isipolingana, tunabadilishana na ya benki yetu."

Walimpima, wakamkubali. Alipotoka nilikuwa nimeshindwa kuvumilia.

"Kile kioo nilikigeuza mimi. Lamadi, ulipokwenda kunawa." Nikamweleza yote, bukwi, uso kwenye kioo, kula nyuma ya jiko.

Alibana pamba mkononi. Hakuinua sauti.

"Ungeniambia, kaka. Ningehamisha magunia, mama angekaa nyuma yangu mie. Kazi ya dakika mbili."

Akaenda zake kwenye kampuni. Sikumwona tena, na nasikia sasa wamempangia Shinyanga. Pamba, kweli, siku zile nilizokosekana sehemu kubwa ilikwenda mzani wao. Sijui kama alitumwa kwa hilo. Ningependa iwe alitumwa, ningepata pa kuegemea.

Chupa zote mbili ziliingia mwilini mwa Kabula. Siku ya tatu ndipo waliniruhusu nimwone. Alikuwa amekonda, macho makubwa, lakini ni yeye. Alitazama kichwa changu, alitazama mkono, akaanza moja kwa moja.

"Wameniambia nina damu ya mama na ya dereva. Yako iko wapi?"

"Njiani. Kabla ya Magu."

"Mama amepona bila mkwaruzo. Wewe ulikaaje?"

Nikamweleza nilivyokaa, na kwa nini, na habari ya kioo. Nilidhani atanisifu kidogo kwa ajili ya mama yake. Alitaka kucheka, nyuzi zikamkamata, akashika tumbo, na alipoachia lile tumbo hakuwa anacheka tena.

"Masunga, mama angeuona uso wako, angekufa?"

Nikautengeneza mkono wangu kifuani.

"Mimi ndiye ningekufa."